Tochi Haijui Ulitoka Dar Saa Ngapi

Dereva wa basi anayepigwa tochi akikaribia Morogoro huwa na utetezi wake, na utetezi wenyewe si wa kipuuzi. Aliondoka Dar es Salaam saa kumi na mbili asubuhi. Kimara akakuta foleni, Kibaha akapakia, kwenye mizani akapanga mstari, Chalinze abiria wakashuka kunywa chai. Sasa ni saa nne na nusu, naye amekwenda karibu kilomita 190. (Saa yetu inarahisisha mambo: ukianza safari saa kumi na mbili, muda uliotumia ndio huohuo unaosomeka ukutani.) Gawanya 190 kwa saa nne na nusu, unapata kama kilomita 42 kwa saa. Kibao cha barabarani kinasema 50. "Afande, mimi wa 42 nimekosa nini?" Afande anamgeuzia kioo cha tochi. Kimeandika 78.

Hakuna aliyekosea hesabu hapo. Dereva amejibu swali la safari nzima, tochi imejibu swali la mahali pamoja na wakati mmoja. Jibu la dereva linaitwa kasi ya wastani: umbali wote, gawanya kwa muda wote. Humo mna foleni ya Kimara, mna dakika za chai, mna kila aliposimama na kila alipokanyaga mafuta, vyote vimechanganywa hadi kimoja hakionekani tena. Jibu la tochi ni kasi ya papo hapo, yaani gari lilikuwa likienda kasi gani pale lilipopita mbele ya kifaa. Sheria ya barabara inauliza swali hili la pili, na ina sababu. Mtoto anayevuka kwenda shule hana habari na chai ya Chalinze. Mbele yake kuna basi linalokula mita 21.7 kila sekunde.

Hiyo 21.7 imetoka kwenye 78. Ukitaka kugeuza kilomita kwa saa kuwa mita kwa sekunde, gawa kwa 3.6. Kilomita 50 kwa saa ni mita 13.9 kwa sekunde. 80 ni mita 22.2, 100 ni mita 27.8. Inafaa kuzishika kichwani, hasa kama unaendesha, kwa kuwa barabarani mambo huamuliwa kwa sekunde na kwa mita.

Hadi hapa hakuna mtu wa kubisha. Ugumu unaanza ukiuliza hiyo "papo hapo" ni muda wa urefu gani. Kasi ni umbali kugawanya kwa muda. Lakini papo hapo haina urefu: ni kama nukta kwenye mstari. Katika muda wa sifuri gari limekwenda umbali wa sifuri, na sifuri kugawanya kwa sifuri hakuna jibu. Zeno wa Elea, mwanafalsafa wa Ugiriki aliyeishi karne ya 5 kabla ya Kristo, aliligeuza jambo hili kuwa fumbo: mshale ulioko angani, kila papo ukiutazama, upo mahali pamoja tu, sasa unakwenda lini? Fumbo hilo liliwasumbua wenye akili zao kwa karne nyingi, na mwanafunzi wa leo anayeona kuwa "kasi kwenye nukta ya muda" ni maneno yasiyokaa sawa asijione mzito. Ameona tatizo lililopo kweli.

Njia ya kutoka ni kuubana muda kidogo kidogo na kutazama jibu linaelekea wapi. Tuifuate kwa nazi inayodondoka mtini, maana nazi haina foleni. Tukiacha upinzani wa hewa, ambao kwa kitu kizito namna ile kinachoanguka umbali mfupi si mkubwa, umbali ambao nazi imeanguka, kwa mita, ni 4.9 mara muda mara muda tena. Baada ya sekunde 1 imeshuka mita 4.9. Baada ya sekunde 2 imeshuka mita 19.6, na minazi mirefu kiasi hicho ipo. Swali: sekunde ya 1 inapotimia barabara, nazi inakwenda kasi gani?

Kwanza tutazame kipande cha muda kinachofuata. Kutoka sekunde 1 hadi sekunde 1.1 nazi inashuka mita 1.029. Gawanya kwa 0.1, unapata mita 10.29 kwa sekunde. Huu ni wastani, lakini wa muda mfupi. Tupunguze. Kutoka sekunde 1 hadi 1.01, wastani ni 9.849. Kutoka 1 hadi 1.001, ni 9.8049. Sasa tuje kwa upande wa nyuma, kabla sekunde haijatimia. Kutoka 0.9 hadi 1, wastani ni 9.31. Kutoka 0.99 hadi 1, ni 9.751. Kutoka 0.999 hadi 1, ni 9.7951. Wanaotoka juu wanashuka, wanaotoka chini wanapanda, na wote wanaibana namba moja: 9.8. Hakuna namba nyingine inayoweza kukaa katikati yao ukiendelea kuupunguza muda. Hiyo ndiyo kasi ya papo hapo ya nazi kwenye sekunde ya 1, mita 9.8 kwa sekunde, nasi hatukulazimika kugawanya kwa sifuri hata mara moja.

Namba inayobanwa hivyo, wanahisabati huiita kikomo. Isaac Newton wa Uingereza na Gottfried Leibniz wa Ujerumani, kila mmoja kwa njia yake, waliutumia ubanaji huo katika karne ya 17 kujenga tawi zima la hisabati. Mfaransa Augustin-Louis Cauchy akaja kuunyoosha mnamo 1821 katika kitabu chake cha kufundishia. Mwanafunzi anayekutana na kanuni ya kutafuta kasi kutoka kwenye mlinganyo wa umbali, na kuambiwa "shusha kipeo, punguza moja", anapewa njia ya mkato ya hesabu hii ya nazi. Ukiifanya kwa mkono mara moja, kwa namba, kanuni haisahauliki kirahisi. Ukiikariri tu, inatoweka wiki moja baada ya mtihani.

Nazi yetu ina jambo jingine la kuonyesha. Ile iliyoanguka kutoka mita 19.6 imetumia sekunde 2, kwa hiyo kasi yake ya wastani ni mita 9.8 kwa sekunde, kama kilomita 35 kwa saa. Lakini inapogusa chini inakwenda mita 19.6 kwa sekunde, zaidi ya kilomita 70 kwa saa. Anayepita chini ya mnazi anapigwa na ile ya 70. Na kwa kuwa nishati ya mwendo huongezeka kwa mraba wa kasi, kasi ikiwa mara mbili ya wastani, nishati ni mara nne. Ajali za barabarani zinafuata hesabu hiyohiyo: unapogonga, kinachohesabika ni kasi ya sekunde ile, na safari nzima iliyotangulia haipunguzi kitu.

Kama shule yako ina maabara, huenda umeshakiona kile kifaa cha kugonga nukta kwenye utepe wa karatasi. Unafunga utepe kwenye kigari, kigari kinauvuta, na kinyundo kidogo kinagonga mara 50 kwa sekunde kwa kufuata umeme wa gridi. Kutoka nukta moja hadi inayofuata ni sekunde 0.02. Nukta zikiwa zimebanana, kigari kilikuwa kinakwenda polepole. Zikiachana, kimeongeza kasi. Weka rula: nafasi kati ya nukta mbili ikiwa sentimita 1.4, gawanya mita 0.014 kwa 0.02, unapata mita 0.7 kwa sekunde. Mwalimu ataiita kasi ya papo hapo, ingawa ukweli wake ni wastani wa sekunde 0.02. Na hakuna udanganyifu hapo. Kila kifaa duniani kinachodai kupima kasi ya papo hapo kinapima wastani wa muda mfupi. Kinachotakiwa ni muda huo uwe mfupi kiasi kwamba kasi haikupata nafasi ya kubadilika sana. Basi lililofunga breki kwa nguvu linaweza kupunguza kama mita 6 kwa sekunde katika kila sekunde; ndani ya 0.02 limepunguza mita 0.12 kwa sekunde, ambayo haifiki hata nusu kilomita kwa saa. Kwa basi, 0.02 ni papo hapo tosha.

Mshale wa kwenye dashibodi nao una namna yake. Ule wa zamani, uliosajiliwa Ujerumani na Otto Schulze mwaka 1902, ulizungusha sumaku ndani ya kikombe cha alumini kwa waya unaotoka kwenye giaboksi; sumaku ikizunguka kwa kasi inakivuta kikombe, springi nyembamba inakizuia, na mahali vinapopatana ndipo mshale unaposimama. Magari ya sasa yana sensa inayohesabu meno ya gurudumu dogo yanavyopita. Namna zote mbili zina udhaifu mmoja ambao wenye magari wengi hawaujui: gari halipimi barabara, linahesabu mizunguko ya tairi na kuamini kwamba tairi ni la ukubwa uleule wa kiwandani. Ukifunga tairi ambalo mzingo wake umezidi kwa asilimia 5, mshale wa gari ambalo kiwandani lilisoma sawasawa utaonyesha 80 huku unakwenda 84. Tairi lililolika hufanya kinyume, linaonyesha zaidi ya unavyokwenda. Kanuni za Umoja wa Mataifa kuhusu magari, ambazo nchi nyingi zinazotengeneza magari huzifuata, zinakataza mshale kuonyesha pungufu ya kasi halisi, ila zinaruhusu uzidishe kidogo. Ndiyo maana simu yako ikisoma kasi kwa setilaiti, mara nyingi husema pungufu ya dashibodi. Huenda simu iko sahihi zaidi, mradi uko barabara iliyonyooka na anga iko wazi.

Na tochi? Zipo za aina mbili. Moja hurusha mawimbi ya redio, yanagonga gari na kurudi yakiwa yamebadilika kidogo idadi ya mitetemo yake kwa sekunde. Gari likija kwa kasi zaidi, badiliko ni kubwa zaidi. Nyingine hurusha vimweko vya leza visivyoonekana kwa macho, inapima vimechukua muda gani kwenda na kurudi, inajua umbali, inarudia mara nyingi ndani ya sehemu ya sekunde, kisha inatazama umbali umepungua kiasi gani. Hii ya pili ni kile tulichofanya kwa nazi, ila imekifanya haraka sana.

Lakini kuna kitu tochi haioni, nacho kinatupeleka kwenye nusu ya pili ya mada. Tochi huona tu ile sehemu ya mwendo inayoielekea. Askari akisimama mbele ya gari, kwenye mstari wa barabara yenyewe, anasoma kasi yote. Akisimama pembeni, gari linapita kwa mshazari na tochi inasoma pungufu. Gari la kilomita 80 kwa saa likitazamwa kwa pembe ya nyuzi 20 litasomeka kama 75. Kwa nyuzi 30, kama 69. Kwa hiyo dereva anayelalamika kwamba afande alikaa pembeni ndiyo maana tochi ikazidisha, amegeuza jambo juu chini. Askari aliyesimama akikaa pembeni, anampunguzia dereva.

Tochi, basi, inaulizia mwelekeo hata kama hakuna aliyeiambia. Kasi ikiunganishwa na mwelekeo wake ndiyo velositi. Kilomita 80 kwa saa ni kasi. Kilomita 80 kwa saa kwenda magharibi ni velositi. Watu wengi hulichukulia hili kama pambo la walimu, hadi pale linapowaletea majibu ya ajabu. David Rudisha wa Kenya alishinda mita 800 London tarehe 9 Agosti 2012 kwa dakika 1 na sekunde 40.91, na akaweka rekodi ya dunia. Kasi yake ya wastani ni mita 7.93 kwa sekunde. Mzunguko wa kwanza aliumaliza kwa sekunde 49.28, wa pili kwa 51.63, kwa hiyo hata yeye hakwenda kwa kasi moja. Lakini velositi ya wastani hupimwa kwa mstari ulionyooka kutoka pa kuanzia hadi pa kuishia, na mita 800 ni mizunguko miwili. Anayekimbia njia ya ndani kabisa huishia alipoanzia. Velositi yake ya wastani ni sifuri, iwe amevunja rekodi au ametembea.

Papo kwa papo hadithi ni nyingine. Ukubwa wa velositi ya papo hapo sikuzote ni sawa na kasi ya papo hapo, kwa sababu kipande cha muda kikiwa kidogo mno, njia haipati nafasi ya kupinda. Kinachobaki ni mwelekeo, nao waweza kubadilika bila mshale wa dashibodi kutikisika. Zunguka kipilefti kwa kilomita 30 kwa saa bila kuongeza wala kupunguza: kasi haibadiliki, velositi inabadilika kila papo, na mwili wako unalijua hilo kwa jinsi unavyosukumwa mlangoni. Mtego mwingine wa mtihani ni jiwe lililorushwa juu. Kileleni velositi yake ni sifuri, na wanafunzi wengi huandika kwamba hapo hata uvutano umesimama. Velositi inapita kwenye sifuri ikielekea upande wa chini. Uvutano unaendelea kuibadilisha kwa mita 9.8 kwa sekunde katika kila sekunde, kileleni kama kwingine kote.

Wastani nao usidharauliwe baada ya yote haya. Una matumizi, ukijua unachoweza kuthibitisha nao. Wastani wa chini hauthibitishi kwamba hukuzidisha popote. Ndiyo kesi ya dereva wetu. Wastani wa juu unathibitisha. Kwenye barabara kuu za Italia, tangu 2005, kuna mfumo wa kamera unaolipiga gari picha likiingia kwenye kipande cha barabara na likitoka. Kilomita 10 kwa dakika 4 ni kilomita 150 kwa saa, na kikomo cha kawaida kule ni 130. Haijalishi ulifunga breki mara ngapi mbele ya kamera: ili wastani ufike 150, lazima kuna papo mshale wako ulisoma 150 au zaidi. Na jihadhari na wastani wa kasi mbili. Ukienda mji wa kilomita 120 kwa 60 na kurudi kwa 40, wastani si 50. Kwenda saa 2, kurudi saa 3, kilomita 240 kwa saa 5: 48. Ulikaa muda mrefu zaidi kwenye mwendo wa polepole, kwa hiyo wastani unavutwa huko.

Mahali ambapo velositi inaokoa au inaua watu katika barabara zetu ni kwenye kuovateki, na hesabu yake inafaa ipigwe hadi mwisho. Basi linakwenda 80, ambayo ndiyo mwisho wa mabasi Tanzania hata nje ya miji. Mbele yake kuna semi-trela inayokwenda 60 upande uleule. Mbali mbele, basi jingine linakuja, nalo kwa 80. Hesabu ya kwenda Morogoro iwe chanya, ya kuja Dar iwe hasi. Kati ya basi na semi-trela tofauti ni 80 toa 60, yaani 20 tu. Kati ya basi na lile linalokuja ni 80 toa hasi 80, yaani 160. Mishale ya mabasi yote mawili inasoma namba moja, lakini kwa dereva aliyetoka upande wake, semi-trela anaikaribia kwa 20 na basi jingine linamjia kwa 160.

Semi-trela ina kama mita 18, basi mita 12, acha nafasi ya mita 15 kabla na 15 baada ya kupita. Basi linatakiwa kuivuka semi-trela kwa mita 60. Kwa tofauti ya kilomita 20 kwa saa, ambayo ni mita 5.6 kwa sekunde, zinahitajika kama sekunde 10.8. Ndani ya sekunde hizo basi limekwenda mita 240 upande usio wake, na lile linalokuja limekwenda 240 nyingine. Barabara tupu inayohitajika ni karibu mita 480. Ndipo vishawishi vinapoingia: akipandisha hadi 100, tofauti na semi-trela inakuwa 40, muda unashuka hadi sekunde 5.4, na barabara inayohitajika inakuwa mita 270. Hesabu ni ya kweli, na ndiyo inayowafanya madereva wakanyage. Lakini ameshazidi kikomo kwa 20, na mita 270 zile zimesimama juu ya makisio kwamba anayekuja anakwenda 80. Hana tochi. Gari linalokuja uso kwa uso huonekana kama doa linalokua, na jicho ni zito kupima kasi ya kitu cha namna hiyo; akiwa anakuja kwa 110, mita 270 zinakuwa 315. Ongeza sekunde moja ya kusitasita kabla ya kuamua aendelee au arudi nyuma ya semi-trela: kwa mabasi mawili yanayokaribiana kwa 160, sekunde hiyo peke yake inakula mita 44.